Pesti ya nguruwe: kipimo kisichohitaji virusi hai

Huku Kivu nguruwe ni benki ya mtu mdogo. Anauzwa mwezi wa Septemba ili kulipa minervali, au siku mtoto amelazwa hospitalini. Kwa hiyo pesti ya nguruwe ya Afrika ikiingia kijijini, hasara haihesabiwi kwa kilo za nyama.

Ugonjwa huu haumshiki binadamu, na hauna dawa. Vietnam imeruhusu chanjo tangu 2022, lakini inalenga aina ya virusi inayozunguka Asia, si aina zote tulizo nazo Afrika. Kwetu kinga ya kwanza ni kujua ugonjwa umejificha wapi.

Nguruwe wengi wanaoambukizwa hufa kwa siku chache. Wachache wanapona, na damu yao inabaki na askari wa mwili waliopigana na virusi. Kipimo cha damu kinatafuta askari hao, na kinaonyesha kwamba pesti ilipita hapo, hata kama mwenye nguruwe hakusema neno.

Shida ni namna kipimo chenyewe kilivyotengenezwa zamani. Ili kupata chambo cha kuwanasa askari hao, wataalamu walikuza virusi hai kwa wingi. Kazi hiyo inadai labo yenye ulinzi mkali, na labo za namna hiyo ni chache. Hata nchi tajiri zina wasiwasi: mwishoni mwa 2025 pesti ilipoonekana kwa nguruwe mwitu karibu na Barcelona, serikali ya Hispania ilichunguza kama virusi vilitoroka labo. Kuuliza si kuhukumu, lakini swali lenyewe linatosha kutufundisha.

Njia mpya ni kuchukua kipande kimoja tu cha virusi, kwa mfano protini inayoitwa p30 au p54, na kuiagiza bakteria au seli za wadudu ziitengeneze. Kipande hicho peke yake hakiwezi kumwambukiza nguruwe hata mmoja. Kipimo cha namna hiyo kinaweza kutengenezwa na kutumiwa bila kufuga virusi, hata karibu na wafugaji. Kutoka Bukavu hadi Kinshasa ni karibu kilomita 1,500 kwa ndege, na tangu Februari 2025 mji uko mikononi mwa M23. Chupa ya damu haisafiri kirahisi kuliko mtu.

Lakini tusidanganyane. Askari wa damu huonekana baada ya wiki moja hivi au mbili. Nguruwe aliyeanguka jana anaweza kupimwa na kuonekana mzima, kwa hiyo kwake kinahitajika kipimo kinachotafuta virusi vyenyewe. Na damu ya mgonjwa inabaki hatari: sindano moja isitumiwe kwa nguruwe wawili.

Hispania hiyohiyo ilikaa na pesti kutoka 1960 hadi 1995, ikaifukuza bila chanjo. Vipimo vya damu vilisaidia sana, lakini wafugaji walilipwa kwa nguruwe waliouawa. Hapa ndipo ninapoogopa zaidi. Mama mjane akijua kwamba jibu la labo litamwondolea nguruwe wake wawili bila hata faranga moja, atawauza usiku, na pesti itafika sokoni kabla ya veterineri. Mashirika yanayotuletea vipimo yaulizwe mapema: fedha za kumlipa ziko wapi?