Uchawi Una Bei, Mapenzi Je? Maoni Kuhusu Riwaya ya Pili ya Tomi Adeyemi

Miongoni mwa riwaya za kifantasia zilizowagawa wasomaji vijana, Children of Virtue and Vengeance ya Tomi Adeyemi haikosi kutajwa. Mtunzi huyu, Mmarekani mwenye asili ya Kinigeria, alitoa riwaya yake ya kwanza, Children of Blood and Bone, mnamo Machi 2018, nayo ikapokewa kwa vifijo. Wasomaji walisubiri mwendelezo wake kwa miezi 21, hadi Desemba 2019. Ulipowafikia, vifijo vilichanganyika na manung'uniko. Makala haya yanakusudia kuyapima manung'uniko hayo, hasa yale yahusuyo mapenzi. Msimamo wangu ni kwamba walalamikaji wameligusa donda lenyewe, ila wamelipa jina lisilo lake.

Kwa faida ya msomaji ambaye hajabahatika kuzisoma, mandhari ni nchi ya kubuni iitwayo Orïsha, yenye miji inayobeba majina ya Nigeria kama Lagos na Ibadan. Mfalme Saran aliwaangamiza wenye nguvu za uchawi, akiwemo mama yake Zélie, mhusika mkuu. Zélie, kaka yake Tzain na binti mfalme Amari wanafanya safari ya kuurejesha uchawi. Njiani Zélie anampenda Inan, kaka yake Amari, na Inan anamsaliti. Riwaya ya pili inaanza uchawi ukiwa umesharudi, lakini umewarudia hata makabaila waliokuwa wakiwatesa wenzao. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vinazuka.

Wenye uchawi katika hadithi hii wanaitwa "maji". Neno hilo halina nasaba na maji yetu, lakini msomaji wa Kiswahili hawezi kulipita bila kukumbuka vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, na tamthilia ya Ebrahim Hussein, Kinjeketile, iliyochapishwa mwaka 1969. Hussein alituonyesha kwamba dawa inaweza kuwaunganisha watu na kuwatia ujasiri, kisha ikawadai damu. Hilo ndilo jicho ninaloitazamia riwaya ya Adeyemi.

Wasomaji wamegawanyika katika makundi makuu matatu. La kwanza linadai kwamba mapenzi yameimeza vita: taifa linateketea, naye Zélie anayumba baina ya Inan na Roën, yule mamluki. La pili linawalaumu wahusika kwa kurudia makosa yale yale, wakiaminiana leo na kushukiana kesho. La tatu linamtetea mtunzi kwa hoja kwamba vijana waliofiwa na kusalitiwa hawawezi kutenda kwa busara ya wazee. Utetezi huo una uzito, kwani majonzi hayafuati ratiba.

Hata hivyo, hoja ya kundi la kwanza inaficha dharau ambayo sisi wanafunzi wa fasihi tunaifahamu vyema. Tumezoea kuigawa riwaya katika mafungu mawili, ile ya dhati na ile pendwa, kisha mapenzi tukayasukumia fungu la pili. Kwa mtazamo huo, penzi likitokea penye vita huonekana limekosea njia. Huo ni upotofu. Shaaban Robert, katika Adili na Nduguze, hakuona haya kuweka majini, mji wa watu waliogeuka mawe na mapenzi ndani ya kitabu kimoja. Adili analazimika kuwachapa nduguze waliogeuzwa nyani kila usiku, huku moyo ukimuuma, kwa kuwa ndiyo amri aliyopewa na jini. Wivu uliozaliwa na penzi ndio uliowafanya nduguze wamtose baharini. Uchawi una amri na penzi lina athari. Hakuna cha bure.

Hapa ndipo penye kasoro ya Adeyemi. Uchawi wake umepangwa barabara: wachawi wana koo zao, kila ukoo una uwezo wake, na nguvu kubwa hudai gharama kubwa. Malkia Nehanda anapovuta nguvu za wanaomzunguka, wao ndio wanaoumia. Mama Agba, mlezi wa wasichana, anajitoa mhanga. Lakini moyo wa Zélie haulipi kodi kama hiyo. Anaapa kumuua Inan, analegea, kisha anaapa tena, na kule kulegea hakubadilishi mwelekeo wake kwa muda mrefu. Penzi la Roën nalo linamfaa zaidi kama kivuli cha kupumzikia kuliko kama uamuzi wa kumgharimu. Msomaji anachoka, na kwa kuchoka analilaumu penzi lenyewe.

Kwamba penzi si mkosaji linathibitishwa na riwaya hiyo hiyo. Amari anampenda Tzain, na Zélie ni rafiki yake wa chanda na pete. Lakini tamaa ya kuvimaliza vita inapomzidi, yuko tayari kukitoa kafara kijiji kizima cha Ibadan, Zélie akiwamo. Katika kurasa hizo hakuna anayeuliza mapenzi yanatafuta nini vitani, kwa sababu mapenzi na vita vimekuwa kitu kimoja. Amari amepima wawili awapendao dhidi ya ushindi, na mizani imemhukumu. Kwa maoni yangu, hiyo ndiyo sehemu iliyo bora kuliko zote katika kitabu.

Mtunzi alikamilisha masimulizi yake mwaka 2024 kwa Children of Anguish and Anarchy, lakini mjadala wa kitabu cha pili ungali na faida kwetu. Wengi wetu tunazisoma hadithi za namna hii kwa Kiingereza, kisha tunaingia darasani kana kwamba Kiswahili hakina nafasi ya majini na wapenzi. Kinayo, na kilikuwa nayo kabla hatujazaliwa. Atakayeshika kalamu miongoni mwetu asiogope kuchanganya uchawi na mahaba. Aogope jambo moja tu: kumpa mhusika wake nguvu au penzi bila kumwonyesha bei. Wahenga walinena kuwa mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mhusika asiyeinama hatuamini kwamba alikitaka.