Lambo na Walio Chini Yake

Lambo ni maji ya mvua yaliyokingwa na tuta la udongo katikati ya korongo. Katika ukanda unaouzunguka Mlima Meru, kuanzia mbuga za Monduli hadi mashamba ya Usa River, matuta ya namna hii yanategemewa na wafugaji, wakulima wa bustani na mashamba makubwa. Kwa vipimo vya dunia yote ni madogo. Tume ya Kimataifa ya Mabwawa Makubwa huliita bwawa kubwa likiwa na kimo cha mita 15 au zaidi, au likiwa kati ya mita 5 na 15 na kuhifadhi zaidi ya mita za ujazo milioni 3. Lakini kipimo hicho ni cha kimo na ujazo tu. Usalama wa lambo hujulikana kwa kuuliza maswali matatu, kila moja kwa nafasi yake: lina kazi gani, liko katika hali gani, na likibomoka maji yatamkuta nani. Hoja ya makala hii ni kwamba swali la tatu ndilo linalosahaulika zaidi, na ndilo ambalo jibu lake hubadilika hata kama hakuna aliyeligusa tuta.

Kazi ya malambo inatokana na jinsi mlima wenyewe unavyogawa mvua. Miteremko ya kusini na mashariki hupata mvua nyingi, na mito kama Themi, Nduruma na Usa hushuka hadi Mto Kikuletwa, kisha hadi bwawa la Nyumba ya Mungu lililojengwa miaka ya 1960. Upande wa magharibi na kaskazini uko katika kivuli cha mvua. Huko makorongo hupitisha maji kwa siku chache za masika na vuli, halafu hubaki makavu kwa miezi. Ndiyo sababu Serikali ya kikoloni, kupitia Mpango wa Maendeleo ya Umasai wa 1951 hadi 1955, iliweka fedha katika vyanzo vya maji ya mifugo, na miradi ya nyanda za malisho ya miaka ya 1970 ikaendelea na kazi hiyo. Bwawa la Nanja wilayani Monduli ni mfano wa hifadhi ya maji ambayo mifugo na watu huitegemea pamoja. Lipo pia suala la floraidi. Chemchemi na visima vingi vya eneo la Meru vina floraidi inayozidi miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha Shirika la Afya Duniani, ilhali maji ya mvua yaliyokingwa lamboni kwa kawaida huwa na kiasi kidogo zaidi, ingawa yanahitaji kuchujwa na kutibiwa kabla ya kunywewa.

Kazi ndiyo huamua umbo. Kundi la ng'ombe 1,000, kila mmoja akinywa lita 30 kwa siku, humaliza mita za ujazo 30. Lambo lenye uso wa hekta moja, jua na upepo vikilipunguza kwa milimita 5 tu kwa siku, hupoteza mita za ujazo 50. Kwa hesabu hiyo jua hunywa zaidi ya kundi zima, na lambo pana lenye kina kifupi hukauka kabla mvua hazijarudi. Tope huzidisha tatizo. Udongo unaoletwa na maji kutoka maeneo yaliyolishwa kupita kiasi hujaza kina, na kila mita ya tope ni mita ya maji iliyopotea. Lambo lililojaa tope haliishii kuwa na maji kidogo tu. Nafasi ya kupokea mafuriko imepungua, kwa hiyo mvua kubwa hulifikisha ukingoni mapema zaidi.

Hapo ndipo swali la hali linapoingia. Matuta ya udongo hubomoka hasa kwa njia mbili. Ya kwanza ni maji kupita juu ya tuta, pale utoro, yaani njia ya kutolea maji yanayozidi, unapokuwa mdogo, umeziba kwa magogo na tope, au umeinuliwa kwa mawe na watu wanaotaka maji zaidi. Maji yakishaanza kutiririka juu ya mgongo wa tuta, udongo hukatwa kwa kasi, na tuta linaweza kwisha kwa muda mfupi. Njia ya pili ni maji kujichimbia njia ndani ya tuta, yakifuata mashimo ya wanyama, mizizi iliyooza au kandokando ya bomba la kutolea maji. Udongo wa eneo hili unadai uangalifu wa pekee. Majivu ya volkano ya Meru ni mepesi na huvujisha maji yasiposhindiliwa vizuri, na udongo mweusi wa mbugani hupasuka nyufa ukikauka, kisha hufura ukilowa. Tena eneo hili liko ndani ya Bonde la Ufa: Julai 2007 matetemeko yaliyoanzia karibu na Mlima Gelai na Oldoinyo Lengai yalisikika hadi Arusha na Nairobi.

Dalili za hali mbaya huonekana kwa macho: ufa unaofuata urefu wa tuta, sehemu ya mgongo iliyobonyea, miti iliyoota kwenye mteremko, njia za ng'ombe zilizokata ukingo, na maji yanayochuruzika kwenye kitako cha tuta. Maji ya namna hiyo yakitoka safi huhitaji kufuatiliwa. Yakitoka na tope, udongo wa ndani unasafirishwa, na wataalamu wanapaswa kuitwa siku hiyohiyo.

Swali la tatu, la madhara, ni tofauti kabisa na la hali. Rejista ya taifa ya mabwawa ya Marekani hutenganisha mambo haya mawili. Hali hupangwa kuanzia ya kuridhisha hadi isiyoridhisha, na hatari hupangwa kuwa ndogo, ya kati au kubwa kulingana na kile kitakachotokea bwawa likibomoka. Bwawa zima lisilo na ufa hata mmoja huwekwa daraja la hatari kubwa ikiwa watu wanaishi chini yake. Bovu lililoko nyikani linaweza kuwa la hatari ndogo. Anayesoma daraja moja akidhani amesoma lingine hukosea pande zote: huogopa tuta imara, au hutulia chini ya tuta dhaifu.

Historia imeonyesha gharama ya kosa hilo. Bwawa la Kelly Barnes katika jimbo la Georgia, Marekani, lilikuwa na kimo cha takriban mita 12 tu. Lilijengwa kwa ajili ya umeme, na uzalishaji ulipokoma likabaki kuwa ziwa la burudani. Usiku wa Novemba 6, 1977, baada ya mvua kubwa, lilibomoka na kuua watu 39. Karibu zaidi, usiku wa Mei 9, 2018, tuta la udongo la shamba binafsi lilibomoka huko Solai, kaunti ya Nakuru nchini Kenya, likaua zaidi ya watu 40 waliokuwa majumbani mwao. Bwawa la kwanza lilikuwa limebaki bila kazi ambayo lilijengewa. La pili lilikuwa kazini, likihifadhi maji ya umwagiliaji. Yote mawili yalikuwa na watu chini yake.

Kwa Arusha jambo hili lina uzito wa pekee kwa sababu makazi yanasogea. Sensa ya 2012 ililihesabia jiji watu 416,442, na ya 2022 watu 617,631. Viwanja vinapimwa mahali palipokuwa malisho, na nyumba hufuata makorongo kwa kuwa kiwanja cha huko ni cha bei nafuu. Aprili 2024 gari la shule lilisombwa na maji ya korongo jijini na wanafunzi wakapoteza maisha. Hakuna bwawa lililobomoka siku ile. Mvua peke yake ilitosha. Tuta lililojengwa zamani juu ya malisho matupu linaweza kuwa limepanda daraja la hatari bila udongo wake kubadilika, kwa sababu tu watu wamejenga chini yake.

Msingi wa kisheria upo. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Na. 11 ya 2009 inashughulikia usalama wa mabwawa, na Kanuni za Usalama wa Mabwawa zilitolewa 2013. Usimamizi wa maji katika miteremko ya kusini uko chini ya Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani yenye makao Moshi, na sehemu kubwa ya Monduli iko Bonde la Kati, ambalo bodi yake iko Singida. Ugumu uko kwenye malambo ambayo mradi uliyajenga, ukafungwa, kisha umiliki ukaelea kati ya halmashauri, kijiji na watumiaji. Tuta lisilo na mwenyewe halina wa kufyeka miti wala wa kuzibua utoro, kazi ambazo gharama yake ni ndogo sana ikilinganishwa na kujenga upya.

Hatua zinazofuata haziwezi kuwa za wahandisi peke yao. Kila lambo linastahili kuwa na mmiliki anayetajwa kwa maandishi, na kumbukumbu katika ofisi ya kijiji inayojibu maswali yote matatu. Hali ikaguliwe kila mwaka kabla ya masika, wakati maji yako chini na tuta linaonekana lote. Daraja la hatari lipitiwe upya kila ramani ya viwanja inapochorwa kando ya korongo lililo chini ya tuta, na idara ya ardhi isipitishe ramani hiyo kabla ya kushauriana na bodi ya bonde. Wakazi wa chini nao wajulishwe njia ambayo maji yangefuata na mahali pa juu pa kukimbilia.