Kufundisha Ozoni kwa Kunde na Choroko

Yafaa sisi walimu wa vyuo tuache kufundisha ozoni kama jambo la kukariri. Kwa miaka mingi tuliwaambia wanachuo wetu kwamba ozoni ni ngao ya dunia, tukaishia hapo. Mmoja wao alipouliza kwa nini gesi hiyo hiyo husemwa kuwa yadhuru mapafu, hatukuwa na jibu la kumtosheleza. Kosa lilikuwa letu.

Ozoni iliyo juu sana angani hutukinga na miale mikali ya jua. Iliyo karibu na ardhi hudhuru mapafu na mimea. Hii ya pili haitoki moja kwa moja katika dohani la kiwanda wala bomba la gari. Huundwa kwa nguvu ya jua kutokana na oksidi za naitrojeni na mivuke kama ule wa petroli. Kwa hiyo haitoshi kusema, "Tupunguze moshi." Hatuna budi kukadiria kwanza kila hatua italeta nini, na wapi. Kazi hiyo hufanywa kwa modeli, yaani hesabu zinazofuatisha mwenendo wa hewa. Mwaka 1998 Marekani iliyataka majimbo 22 yapunguze oksidi hizo, kwa kutegemea pia modeli zilizoonyesha kwamba uchafu huu huvuka mipaka pamoja na upepo.

Asiye na kompyuta afanyeje? Hapa Chumbageni tumetumia kunde na choroko. Chora visanduku viwili: Tanga mjini na Muheza, kwani mchana upepo wa bahari huvuma kuelekea bara. Katika cha Tanga weka kunde 12, ndizo ozoni, na choroko 8, ndizo oksidi itokayo magarini. Oksidi hiyo ikiwa bado mbichi hula ozoni. Basi kwa kila choroko ondoa kunde moja. Zabaki kunde 4. Visukume vyote Muheza, ambako, kwa kanuni ya mchezo, jua na mivuke huifanya kila choroko izae kunde 2. Jumla ni kunde 20. Rudia kwa choroko 4 tu: mjini zabaki kunde 8, na Muheza zafika 16. Hatua ile ile imeongeza ozoni mjini na kuipunguza bara.

Si mzaha. Huko Los Angeles, kwa miaka mingi, malori yalipungua Jumapili na ozoni ikazidi.

Wanachuo hushangaa, kisha hubishana. Hapo ndipo somo linapoanza. Lakini mwalimu aseme waziwazi kwamba tarakimu hizi si vipimo vya Tanga. Modeli isiyolinganishwa na vipimo vya hewa yenyewe ni dhana tu. Mwanachuo aliyelifahamu hilo, akiletewa kesho mpango wa kusafisha hewa, atauliza: umepimwa wapi, na upepo wavuma kwenda kwa nani?