Mizani ya Mpemba inapima lori. Cheni ya Chapwa anaipima nani?

Jamani, leo naomba tuongelee cheni bloku. Najua wengi mnaopita hapa kijiweni kwangu mmekaa maofisini na kitu kizito mnachonyanyua kwa siku ni begi la kompyuta. Nivumilieni. Simu unayosomea hapo ina shaba ndani yake, na shaba nyingi ya Zambia na Kongo inapita Tunduma juu ya malori ambayo lazima yatengenezwe na mtu.

Nianzie Mpemba. Aliyesafiri barabara ya TANZAM anaijua mizani ya pale. Lori la mzigo linapanda, linasomwa ekseli kwa ekseli, na ukomo wa uzito wote ni tani 56 kwa mujibu wa sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Ukizidisha, faini. Dereva akilia, analia peke yake. Sababu tunaijua: ekseli iliyozidishwa inaitafuna lami, na lami ni kodi yetu. Sina ugomvi na hilo hata kidogo.

Sasa sogea kidogo uje kata ya Chapwa, halmashauri hiyo hiyo ya mji wa Tunduma. Mpaka na Nakonde ni wa foleni, hata baada ya kituo cha pamoja cha forodha kuzinduliwa mwaka 2019, na lori linalosubiri ndilo linalopata muda wa kuharibika. Ndiyo maana mafundi hawakosekani kando ya barabara. Tazama injini inavyoshushwa kwenye gereji ya wazi. Injini ya lori kubwa inakaribia tani moja, na ikitoka pamoja na giaboksi inapita hapo. Imening'inia kwenye cheni bloku. Cheni bloku nayo imening'inia kwenye miguu mitatu ya mabomba yaliyochomelewa papo hapo. Chini yake kijana yuko chali, anahangaika na nati iliyogoma.

Uliza cheni ile inabeba tani ngapi. Kibao cha maandishi kilishafutika zamani, au kimefunikwa na grisi. Jibu utakalopata ni moja, gereji kwa gereji: jana imebeba, leo itabeba.

Hapo ndipo ninapogoma. Kubeba jana hakuniambii chochote kuhusu leo. Cheni huchakaa pale pingili zinaposuguana, ndani, ambako jicho la haraka halifiki. Ndoano iliyozidishiwa mzigo hufunguka mdomo kidogo kidogo. Na bloku yenyewe ina breki ndani, sahani zinazobanana kwa msuguano mkavu ili mzigo usishuke ukiachia mkono. Kwenye gereji kila kitu hupakwa mafuta kwa nia njema kabisa, na mafuta yakiingia kwenye breki ile, injini inaanza kuteremka yenyewe. Polepole kwanza.

Halafu kuna hesabu ambayo tuliifanya kidato cha tano tukaisahau. Ukifunga mzigo wa tani moja kwa minyororo miwili inayoshuka wima, kila mmoja unabeba nusu tani. Ukiitanua mpaka pembe kati yake ifike nyuzi 120, kila mmoja unabeba tani nzima. Mzigo ni ule ule na minyororo ni ile ile, ila ufungaji umebadilika. Kwa hiyo fundi anayesema "nimeweka minyororo miwili, usiwe na wasi" anaweza kuwa hajapunguza kitu.

Wenzetu wanafanyaje? Kila kifaa cha kunyanyulia huandikwa uzito wake salama wa kazi. Kabla hakijaanza kazi, na kila kinapofanyiwa matengenezo makubwa, kinajaribiwa kwa mzigo unaozidi uzito huo. Kwa winchi za melini kanuni ya zamani ni hii: mpaka tani 20 unaongeza asilimia 25, kati ya tani 20 na 50 unaongeza tani 5, zaidi ya hapo asilimia 10. Kwa winchi za kiwandani, kanuni ya kimataifa inataka mzigo wa asilimia 125 uinuliwe sentimita 10 hadi 20 tu kutoka chini na ukae hapo si chini ya dakika 10. Kisha winchi inaendeshwa na asilimia 110. Ukishusha, unakagua: kuna ufa? Kuna kilichopinda? Breki imeshika?

Mnaona ule urefu? Sentimita 20. Kama kitakatika, kikatike hapo, pasipo na mtu chini yake. Jaribio lote linafanyika ili siku ya kukatika ichaguliwe na wewe, isichaguliwe na cheni.

Wala mambo haya si ya kizungu cha jana. Mkataba Na. 32 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1932 ulishadai winchi na minyororo ya kupakulia meli ijaribiwe na kuandikwa uzito wake. Ulikuwa mkataba wa kuwalinda makuli. Ule wa mwaka 1979, Na. 152, unataka ukaguzi wa kina angalau kila miezi 12, na vifaa vya melini vijaribiwe upya angalau kila miaka 5. Kwa hiyo winchi ya meli inayotia nanga Dar es Salaam inatakiwa iwe na cheti chake. Lori likishabeba mzigo huo, likafika mpakani na kufa injini, linanyanyuliwa na kitu ambacho hakijapimwa tangu kitoke dukani. Na lile duka... tuliache kwanza.

Hapa nyumbani sheria ipo. Tuna Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya mwaka 2003, na OSHA wanakagua mitambo ya kunyanyulia kama wanavyokagua mitungi ya mvuke na mifumo ya umeme. Mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, WCF, nao upo tangu mwaka 2015. Lakini kijana wa deiwaka, asiye na mkataba wala karatasi yenye jina lake, ataanzia wapi kuthibitisha kwamba aliumia kazini? Na ofisi ya kanda ya OSHA iko Mbeya, kama kilomita 100 kutoka hapa. Kiwanda kinaandika barua na mkaguzi anakuja. Gereji ya miguu mitatu haina hata sanduku la posta.

Najua mtakachoniandikia. Kwamba nawatakia mafundi balaa, kwamba mkaguzi akija atafunga gereji au atakula kitu kidogo na kuondoka, na vijana watakosa mkate. Hoja hiyo naiheshimu, maana nimeona ukaguzi wa kushtukiza ukigeuka biashara. Faini peke yake pale Chapwa itazaa vibao vipya vilivyoandikwa kwa rangi: tani 5, tani 10, chagua unayotaka.

Ninachotaka mimi ni mahali pa kupimia. Halmashauri inakusanya ushuru mzuri kwenye malori haya. Ijenge fremu moja ya chuma, imara, iliyochorwa na mhandisi, na imwage vibonge vya zege vya uzito unaojulikana. Mita moja ya ujazo ya zege inakaribia tani 2.4. Bloku ya tani 2 inajaribiwa kwa tani 2.5, kwa hiyo kibonge kimoja cha mita moja kila upande, pamoja na kitanzi chake cha chuma, kinakufikisha karibu kabisa. OSHA watume mtu kwa zamu, tuseme siku moja kwa mwezi. Fundi alete bloku yake ikaguliwe kwanza kwa macho, kwa sababu kuipa mzigo mkubwa cheni yenye ufa ni kumalizia kuivunja. Ikipita, igongwe namba na tarehe. Ikianguka, ikatwe palepale, isirudi sokoni ikapakwa rangi na kuuzwa kwa fundi mwingine. Na fundi asipigwe faini kwa kuileta. Ukimtoza aliyeileta, mwezi ujao hutamwona.

Gharama ni saruji, mchanga wa hapa hapa, chuma kiasi, posho ya mkaguzi, na ruhusa ya kupitisha kibonge cha zege juu ya mizani ya Mpemba ili tuwe na uhakika wa uzito wake, asubuhi moja ambayo foleni ni fupi. Kama ipo.