Acheni Tutishike Pamoja

Kila ninapotaja kwamba mimi na wenzangu hukutana Ijumaa usiku kuangalia filamu za kutisha kutoka Korea, Japani, Irani, Indonesia au Guatemala, kisha tukakaa kuzibishania mpaka usiku wa manane, hukutana na maneno yaleyale. Wengine hunionea huruma. Wengine hunikanya, tena kwa nia njema kabisa. Wengi wao ni watu ninaowaheshimu, na ndiyo maana naona hoja zao zinastahili kujibiwa moja moja badala ya kupuuzwa.

Inayosemwa zaidi ni kwamba filamu ya kutisha ni damu na makelele, na ikiisha haina cha kuzungumzwa.

Anayesema hivyo kwa kawaida ameona mtindo mmoja tu, ule wa muuaji mwenye kisu na vijana wanaokimbizwa msituni. Namwomba aketi nasi siku tunapoweka The Host ya Bong Joon-ho, ya mwaka 2006. Inaanzia katika chumba cha maiti kwenye kambi ya jeshi la Marekani jijini Seoul. Mkubwa anamwamuru msaidizi wake Mkorea amwage dawa ya kuhifadhia maiti kwenye sinki, chupa baada ya chupa, na maji ya sinki hiyo yanaishia Mto Han. Kisa hicho hakikutungwa chote: mwaka 2000 dawa ya namna hiyo ilimwagwa kweli kutoka kambi ya Yongsan, na Wakorea wakaja juu. Filamu imeongeza mnyama anayezaliwa mtoni, na serikali inayowatia raia hofu ya virusi ambavyo havipo. Usiku tulipoiangalia, mwenzetu mmoja, aliyekulia kijiji cha jirani na machimbo ya dhahabu, aliongea kuliko sisi sote. Hakuongea juu ya mnyama.

Au chukua Train to Busan, ya Yeon Sang-ho, 2016. Sisi tumelelewa na imani kwamba steringi hafi. Humu steringi ni baba anayesimamia fedha za wawekezaji na kumfundisha binti yake kwamba wakati wa hatari kila mtu ajiokoe mwenyewe. Treni inapojaa wafu wanaotembea, abiria wa behewa salama wanawafungia mlango wenzao walio hai. Mlango ule tulibishania muda mrefu kuliko urefu wa filamu yenyewe. Ungefungua? Na mtoto wako akiwa ndani? Wakorea walioijaza sinema mwaka ule walikuwa bado na majonzi ya meli ya Sewol, iliyozama Aprili 2014 na kuua watu 304, wengi wao wanafunzi walioambiwa watulie vyumbani mwao. Mtu akishajua hilo, sauti ya kiongozi kwenye televisheni ya treni akiwaambia wananchi hakuna cha kuhofia inamchoma namna nyingine.

Hoja nyingine ina wafuasi wengi: ya nini kuhangaika na maandishi ya chini, wakati Wamarekani wataitengeneza upya kwa Kiingereza?

Ni kweli huzitengeneza upya. Ringu ya Hideo Nakata ilitoka 1998, na mwaka 2002 Gore Verbinski akatoa The Ring. Si filamu mbaya, na wengi duniani walianzia hapo. Lakini angalia kilichoachwa njiani. Katika ile ya Kijapani, Sadako, msichana wa kisimani, ni binti wa Shizuko, mwanamke anayesemekana kuona yaliyofichika. Mtafiti alimsimamisha mbele ya waandishi wa habari ili uwezo wake upimwe, nao wakamzomea kuwa ni tapeli, mpaka hatimaye akajiua. Nyuma ya tukio hilo ipo historia ya kweli. Mwaka 1910 mwanasaikolojia Tomokichi Fukurai wa Tokyo alifanya majaribio kama hayo kwa mwanamke aitwaye Chizuko Mifune, ambaye alishambuliwa kuwa ni mwongo na mwaka uliofuata akanywa sumu. Toleo la Marekani limeweka shamba la farasi na hospitali ya wagonjwa wa akili mahali pa fedheha hiyo ya hadharani. Chuki ya binti inabaki, ila sasa haina chanzo kinachoeleweka. Sadako alirithi aibu ya mama yake. Mwenzake wa Marekani amezaliwa mbaya tu, na mtoto aliyezaliwa mbaya hana la kutuuliza.

Mwisho nao umepotea, na mwisho ndio unaotugawa kila tunapoirudia. Reiko, mama wa mtoto aliyekwisha kuuona mkanda wa video wenye laana ya kifo, anang'amua kwamba anayesalimika ni yule anayeunakili na kumwonyesha mtu mwingine. Basi anampigia simu baba yake mzazi kwamba ana ombi, anaingia garini na kushika njia kuelekea kwa baba huyo. Mwalimu mmoja mstaafu katika kundi letu alishikilia kwamba babu yeyote angekubali kuubeba msiba wa mjukuu wake, mradi aambiwe ukweli kabla ya kuketishwa mbele ya televisheni. Binti mmoja akamjibu kwamba babu aliyeambiwa hawezi kukataa, kwa hiyo kumwambia na kumlazimisha ni mamoja. Katika The Ring babu hayumo. Mtoto anauliza atakayeonyeshwa mkanda atapatwa na nini, na hajibiwi. Mazungumzo yetu ya usiku ule yasingezaliwa huko.

Kuhusu lugha, ni ajabu kwamba hoja hii inatoka kwetu. Watazamaji wa Tanzania walibanana kwenye mabenchi ya vibanda umiza wakimsikiliza marehemu Lufufu, Derek Gasper Mukandala, akiwasimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili, akieleza, akiongeza, akiwaonya wahusika. Kenya wana DJ Afro. Kuangalia filamu ya lugha usiyoijua huku mtu wako akikufasiria ni desturi yetu, na sisi tunaiendeleza: aliye mwepesi wa kusoma anamnong'oneza asiyewahi.

Kuna wanaosema majini ya watu wengine hayatuhusu. Nikisikia hili kwa mtu wa pwani hushangaa zaidi. Mtu aliyekua akisimuliwa habari za mwanamke mzuri wa usiku ambaye ukitazama miguu yake unaona kwato, anahitaji kufunzwa nini ili aielewe Under the Shadow ya Babak Anvari? Filamu hii ya mwaka 2016 imo katika Tehran ya miaka ya 1980, wakati wa vita vya Irani na Iraki. Shideh amefungiwa mlango wa kurudi kusomea udaktari kwa sababu ya siasa zake za ujanani. Mumewe ameitwa mstari wa mbele. Kombora linatoboa paa la jengo lao bila kulipuka, na tangu hapo kuna kitu nyumbani. Mwanasesere wa binti yake anapotea, na jirani anasema majini husafiri na upepo. Usiku mmoja Shideh anamnyakua mtoto na kukimbilia barabarani bila kujifunika, na walinzi wanamkamata, wanamkaripia, wanamtishia viboko. Anarudishwa kwenye nyumba yenye jini kwa sababu nje hana nafasi. Baadaye jini lenyewe linatokea kama shuka kubwa la kujifunikia lisilo na mtu ndani. Wanawake wa kundi letu waliielewa tangu dakika za mwanzo, na sisi wanaume tukawa wa kuelezwa.

Nang Nak ya Thailand, iliyoongozwa na Nonzee Nimibutr mwaka 1999, nayo haihitaji utangulizi mrefu. Mume anarudi kutoka vitani na kuishi kwa furaha na mke na mtoto, asijue kwamba wote wawili walikufa katika uzazi. Watu wa Bangkok mpaka leo hupeleka sadaka kwenye madhabahu ya Mae Nak katika hekalu la Mahabut, zikiwemo nguo na vitu vya watoto. Mwenzetu aliye muuguzi wa wodi ya wazazi aliomba tuisimamishe kwa muda. Aliporudi alituambia mambo ya kazi yake ambayo hatukuwahi kuyasikia kwa miaka yote ya urafiki wetu.

Wapo pia wanaosema filamu hizi zinafunza ushirikina na kukaribisha mashetani nyumbani. Hapa najibu kwa adabu, maana dini ya mtu si jambo la kurukiwa. Muumini anajua tangu chuoni kwamba majini wapo, kwani Kurani ina sura nzima yenye jina lao. Filamu haimletei habari mpya. Inachofanya ni kuuliza mtu ashike wapi anapoogopa, na nchi yenye Waislamu wengi kuliko zote duniani imeuliza swali hilo kwenye sinema kwa miongo mingi. Pengabdi Setan ya Indonesia, ya mwaka 1980, ni ya familia iliyosahau ibada na kuandamwa na mama aliyekufa, na kiongozi wa dini ndiye anayewaokoa. Joko Anwar alipoitengeneza upya mwaka 2017, ustadhi wa filamu hiyo naye alishindwa, akafa, na jambo hilo likazua mjadala mkubwa kwao. Tulipoziweka zote mbili, mjadala wetu ulikuwa wa imani kuliko wa mizimu: je, mtu wa dini akishindwa, dini imeshindwa? Sijawahi kusikia swali hilo likijadiliwa kwa utulivu namna ile. Tena si mambo ya ugenini. Mussa Banzi alitengeneza Nsyuka na Shumileta hapa Tanzania, na watu wakazinunua.

Kuhusu watoto sina ubishi. Wasiangalie, wala wasiwe chumba cha pili wakisikia sauti. Ila kusema kwamba mtu mzima anayependa filamu hizi ana akili iliyoharibika ni kuvuka mpaka. Coltan Scrivner na wenzake walichapisha mwaka 2021 utafiti uliofanywa wakati wa korona, wakakuta kwamba wapenzi wa filamu za kutisha walionyesha msongo mdogo zaidi wa mawazo. Haithibitishi kwamba filamu ndizo zilizowasaidia, lakini wagonjwa wa akili wanaosemwa hawakuonekana.

Mashabiki wenzetu nao wana hoja yao: filamu ya kutisha huangaliwa peke yako, gizani, na maneno yanaua woga. Nakubaliana nao nusu. Filamu ikiwa inakwenda hatupigi soga. Lakini The Wailing ya Na Hong-jin, dakika 156, sijui mtu anaimalizaje peke yake. Polisi wa kijijini, binti yake akiwa taabani, anaambiwa na mwanamke wa ajabu asiingie nyumbani mpaka jogoo awike mara tatu. Mganga aliyemlipa anamwambia mwanamke huyo ndiye shetani. Jogoo anawika mara ya pili, na baba anakwenda. Nani alikuwa anasema kweli? Filamu imepanga dalili za pande zote, na mtu mmoja huona zile alizokuja nazo. Ilibidi tuwe wengi ili tuone kwamba kila mmoja wetu alikuwa ameshamhukumu mgeni wa Kijapani aliyehamia kijijini hapo kabla hajatenda lolote. Woga wenyewe haukupungua kwa kuzungumzwa. Shetani aitwaye Popobawa alipotikisa Unguja na Pemba mwaka 1995, watu walilala nje kwa makundi, wakikesha pamoja. Hakuna aliyewaambia wajifungie mmoja mmoja ili waogope sawasawa.

Hoja nzito nimeiweka mwisho, kwa kuwa hutolewa na watu waliochoka: maisha yenyewe yanatisha, kwa nini kujiongezea?

Kwa sababu yako mambo ambayo mahakama na magazeti hayakuyamaliza. Mei 2013 Efraín Ríos Montt, aliyewahi kuitawala Guatemala, alihukumiwa miaka 80 kwa mauaji ya kimbari ya Wamaya wa Ixil na uhalifu dhidi ya ubinadamu, na siku kumi baadaye Mahakama ya Katiba ikafuta hukumu. Alifariki 2018 bila kutumikia kifungo hicho. Mwaka uliofuata Jayro Bustamante akatoa La Llorona. Alichukua hadithi ya kale ya mwanamke anayelilia watoto wake waliozama, akamweka ndani ya nyumba ya jenerali mzee ambaye naye hukumu yake imefutwa, huku umati ukiimba nje ya geti. Filamu hiyo haikumwongezea mtu balaa. Ilimpa jenerali kesi ambayo hangeweza kuikatia rufaa.

Mwaka huohuo Mati Diop alishinda Tuzo Kuu (Grand Prix) huko Cannes kwa Atlantics. Vijana wa Dakar wamejenga mnara kwa miezi bila kulipwa, wanapanda mtumbwi kuelekea Hispania na bahari inawameza. Usiku roho zao zinawaingia wasichana wa mtaani na kwenda kumdai tajiri mshahara. Fundi wa ujenzi aliye kundini mwetu, ambaye naye amewahi kudhulumiwa ujira, hakuridhika nayo. Alisema deni linalodaiwa na maiti limechelewa, na akataka kujua nani wangemdai tajiri yule mapema, wakiwa hai, na kwa njia gani. Hapo tukaiacha Senegali, tukaanza kuzungumza juu ya mikataba ya vibarua, nani huandikiwa na nani huahidiwa kwa mdomo, na tulikuwa bado hatujakubaliana wenye usafiri walipoanza kuaga.