Namba iko ku ukuta, inite ni za nani?



Juma hili tunaongea juu ya namba za telefone. Zile zilizoandikwa kwa rangi ku ukuta wa biro, ku mulango wa kituo cha afya, chini ya fakture ya maji, na ku kibao kikubwa kando ya barabara: "Kama kuna shida, ita namba hii." Ziko nyingi hapa Kolwezi, Dilala na Manika vilevile. Tunazipita kila siku tukienda ku soko. Kitu kimoja tu hakiandikwe pale: ni nani analipa.

Analipa yule anayeita. Na mara nyingi anayeita ni mama, kwa sababu ni yeye anayekuwa nyumbani wakati maji yanakatika, wakati mutoto anachemka homa, wakati jirani anapiga kelele usiku.

Mama mumoja wa shirika letu (jina lake hatulitaje, wala biro aliyoita) aliona waya wa umeme umekatika na kulalia bati la jirani. Mvua ilikuwa inanyesha na watoto walikuwa inje. Akakimbia ku kabini, akanunua inite za franka 500, akaita. Mashine ikapokea. Ikamusalimia kwa Kifaransa, ikamuambia abonyeze 1 kwa neno hili, 2 kwa neno lile. Kisha muziki. Muziki ukaendelea mupaka inite zikaisha, na hakuna mutu aliyesema "alo". Vijana wa avenyu ndio walisimama pale na miti mikononi, wakizuia watu kupita, mupaka asubuhi. Mutu mwenye kazi ku kampuni atasema franka 500 si kitu. Kwa mama anayeuza nyanya kwa vifungu, hiyo ni faida ya vifungu kadhaa, na waya ulibaki palepale.

Tuelewe vizuri namna feza ile ilivyokwenda. Hesabu ya inite haianze wakati mutu anakujibu. Inaanza wakati upande ule mwingine umepokea, na mashine pia inahesabika kuwa imepokea. Kwa hiyo salamu ya mashine unailipa, kuchagua luga unakulipa, muziki unaulipa. Ukiwa hujue Kifaransa vizuri na unangoja usikie Kiswahili, unalipa zaidi kuliko yule aliyesoma. Hapo hakuna mutu aliyekuibia. Ni mupango tu ulivyowekwa. Lakini mupango ule unamulipisha zaidi yule anayejua kidogo.

Kuna tena neno la rezo. Wengi wetu tunatembea na kadi mbili ao tatu za SIM, kwa sababu forfe za bei ndogo zinakuwa hasa za kuita watu wa rezo ileile. Namba ya biro iko ya rezo moja tu. Kama forfe yako ni ya Airtel na namba ya ukuta ni ya Vodacom, forfe inaweza kukataa, na unaanza kutafuta inite za kawaida usiku, kabini zimefungwa.

Na mara nyingi namba ile si ya biro hata kidogo. Ni telefone ya ajenti mumoja, yake mwenyewe, aliyonunua kwa feza yake. Akiwa ku mazishi, haijibu. Wakimupeleka kufanya kazi Likasi, anakwenda na namba yake, na sisi tunabaki na rangi ku ukuta. Hatumulaumu. Yeye pia hakuna anayemununulia inite. Ukimuomba akuite tena, anaita kwa mushahara wake, kama mushahara umefika.

Ndiyo maana tunabipa. Kubipa ni akili ya watu wasio na feza: unaita, inalia mara moja, unakata, na ndugu anajua kwamba umemutafuta. Kati ya mama na binti yake inafanya kazi vizuri. Kati ya mwananchi na biro haifanye kazi, kwa sababu biro haina desturi ya kurudisha. Tunafikiri hiyo ndiyo jambo la kwanza la kuomba, na ndilo jambo dogo kuliko yote: biro inayoandika namba ku ukuta iwe na telefone yake yenyewe, inayobaki mezani hata ajenti akibadilishwa, na iwe na inite za kurudishia waliobipa. Gari moja ya biro inatumia mafuta mengi kuliko hayo.

Wazee wetu wa Luilu, Kapata na Musonoi wanakumbuka wakati mwingine. Wakati wa Gécamines hukuwa na lazima ya kuita mahali popote. Bomba likipasuka, ulikwenda kwa mukubwa wa kambi kwa miguu, na yeye alijua wa kutuma. Hospitali, masomo, maji, nyumba, vyote vilikuwa ku mukono mumoja. Hatuseme wakati ule ulikuwa wa utamu mutupu. Mukono ule uliweza pia kukufungia mulango. Lakini mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10.000 waliachishwa katika ule mupango ulioitwa wa kutoka kwa kupenda, ambao Benki ya Dunia iliutolea feza, na kazi zile zikatawanyika. Leo kila kazi iko na biro yake, na kila biro namba yake. Njia ya miguu imekuwa njia ya inite.

Tunakumbuka pia kwamba Leta yenyewe iliwahi kuingia ndani ya inite zetu. Ni ile RAM, orodha ya vyombo vya mukononi, iliyoanza mwaka 2020: dola 1 kwa mwaka ku telefone ndogo ya 2G, dola 7 ku telefone ya 3G na 4G. Haikuja na karatasi ya kulipisha. Ulitia inite, na kipande kikatoka. Mama alitia inite za kuita dokta, akakuta hazitoshe tena. Watu walilalamika, wajumbe wa bunge ku Kinshasa walimupigia waziri makelele mwaka 2021, na mwanzo wa mwaka 2022 ikaondolewa. Tunasema hivi si kwa kufufua ugomvi wa zamani. Tunasema kwa sababu ilionyesha mambo mawili: kwamba inawezekana kabisa kuingia ndani ya mitambo ya makampuni yote na kubadilisha namna tunavyolipishwa, na kwamba makelele ya watu yanasikilizwa. Kama mitambo iliweza kututoa inite, inaweza pia kuambiwa isitoe chochote wakati mutu anaita ambulansi.

Jirani zetu wamefanya hivyo. Tanzania na Kenya, mutoto anayeteswa, ao mutu anayemuona, anaita 116 na halipe kitu. Uingereza, inchi yenye feza nyingi, nayo ilichelewa: watu wasio na kazi walipokuwa wanaita biro ya Leta juu ya musaada wao, waliweza kulipa mupaka peni 55 kwa dakika moja, na kungoja pia kulihesabika. Mwezi wa 10 wa mwaka 2017, kisha makelele mengi ndani ya bunge, serikali ikakubali namba ile iwe ya bure, na zingine za biro ile zikafuata. Kwa hiyo hii si aibu ya Kongo peke yake. Popote biro isipolipa kungoja kwa watu, haina haraka ya kupokea.

Sasa, wamama, kuna neno lingine, na hili ni la ndani ya nyumba zetu.

Mwaka 2005, hapa Kongo kulianzishwa namba ya bure iliyoitwa Ligne Verte, kwa musaada wa shirika PSI na rezo ya Vodacom, ili watu waulize juu ya kupanga uzazi. Bure kabisa. Na walioita wengi zaidi walikuwa nani? Wanaume, na kwa mbali sana. Wengine watacheka, lakini fikirini kidogo. Mwenye kubeba mimba ni mwanamuke. Mwenye kubeba telefone alikuwa mwanaume. Namba ya bure haina maana kama kifaa chenyewe kiko ndani ya mufuko wa mutu aliyekwenda kazi ya usiku ku mine, ao kiko chini ya muto wa mutu ambaye wewe ndiye unataka kusema habari yake.

Kwa hiyo tunauliza kila jamaa: usiku, baba akiwa hayuko, kuna telefone gani nyumbani? Iko na umeme ndani? Mutoto wa miaka kumi anajua kuifungua? Wababa munaosoma, hatuwanyanganye kitu. Telefone ndogo ya kubonyeza, iliyobaki nyumbani, iliyowekwa chaji, na inite kidogo ambazo hakuna mutu anazigusa kwa kuuliza matokeo ya mupira, ni ulinzi wa nyumba kama kufuli ya mulango. Na kwa binti anayeishi na mume mwenye mukono mwepesi, tunasema wazi: jirani mumoja ajue, na telefone ya jirani yule iwe kama yako.

Tunarudi ku feza, kwa sababu kuna watakaosema Leta haina. Lualaba haina? Sheria ya madini iliyobadilishwa mwaka 2018 inaomba kila kampuni itoe 0,3 % ya mauzo yake kwa maendeleo ya watu wanaoishi karibu na mugodi, na watu wenyewe wako na wajumbe ndani ya komite inayochagua kazi za kufanya. Tumeona vilivyochaguliwa: masomo, visima, barabara, mara nyingine taa za barabarani. Vizuri. Lakini namba ya bure ya kuita hospitali, inayolipiwa kila mwezi na kupita ku rezo zote, hatujaiona ikiombwa. Tunajua kwa nini. Kisima kinakatiwa utepe na kupigwa picha. Telefone inayolia saa nane za usiku haipigwe picha. Walio wajumbe wetu, kama munasoma, lieni na neno hili ku mukutano wenu unaofuata. Na munapoliomba, ombeni neno la rezo zote liandikwe, kwa sababu kila kampuni ya telefone inapaswa kukubaliana upande wake, na namba inaweza kuwa bure kwa moja na ya kulipa kwa ingine.

Namna ya kujua ni nyepesi. Chukua kadi ya SIM isiyo na inite hata moja, ita namba. Kama inapita, iko bure kweli. Kama sauti inakuambia utie inite kwanza, rangi ya ukuta ilidanganya. Fanya hivyo muchana, usingoje siku ya shida, na ukipata mutu, mwambie kwa heshima kwamba unajaribu tu, umuulize kama usiku kuna anayepokea, na kama anasikia Kiswahili. Kisha kata, usimupotezee wakati; pengine kuna mwingine nyuma yako mwenye shida ya kweli.

Siku ya ine ijayo, kisha sala, tutafanya kazi hiyo pamoja. Kila mama alete namba zote zilizoandikwa ku avenyu yake, ziandikwe vizuri ku karatasi, na mahali alipoziona. Tutaziita moja moja, rezo kwa rezo, na zile zinazopita tutazichapa hapa ili muzikate na kuzibandika nyuma ya mulango. Zile zisizopita tutazipeleka ku biro zenyewe na kwa mashefu wa kartie. Kadi za Vodacom na Airtel zisizo na inite tuko nazo tayari, na bila kuzitafuta. Tunakosa ya Orange. Aliye nayo, ailete.