Neno moja la Kiingereza lilivyonirudishisha hela za watu

Leo sitoi mbinu za picha wala muda mzuri wa kuposti. Tuongelee neno moja tu: "faux".

Kama unaagiza mikoba, viatu au makoti China, umeshaliona mara nyingi. "Faux leather". Mimi niliona "leather" nikaishia hapo. Hiyo ya mbele niliisoma fauksi, nikajua ni jina la kampuni. Nikaposti mikoba, NGOZI HALISI, 65,000/=, ikaisha ndani ya wiki mbili. Mwezi wa tano dada mmoja akanitumia picha inboksi. Mkoba umebabuka pembeni kote, kitambaa cheupe kinaonekana. Hakunitukana. Aliandika tu, "Dada, huyu ng'ombe ni wa wapi?"

Nilimrudishia hela yake yote, na wengine wawili pia. Wanaoniuma ni wale walionyamaza. Sijui wamewasimulia watu wangapi.

Neno lenyewe limetoka kwenye Kifaransa. Linatamkwa "fo", hiyo x haisikiki, na maana yake ni bandia. "Faux leather" ni ngozi bandia, "faux fur" ni manyoya bandia. Mara nyingi hiyo ngozi ni kitambaa kilichopakwa plastiki, ile inayoandikwa PU. Joto na unyevu vinaichosha taratibu mpaka inabanduka, na hapa Dar vyote viwili tunavyo vya kumwaga.

Sasa maoni yangu, na najua kuna watakaobisha. Zile posti za "maneno 100 ya Kiingereza kwa mfanyabiashara" tunazosevu kila siku hazitusaidii. Unasevu, unajiona umejifunza, kesho hukumbuki hata moja. Neno linahitaji kitu cha kulishikilia. Mimi hili nimelishika hivi: fo, foji. Ngozi iliyofojiwa! Maneno haya mawili hayana undugu wowote, ila tangu siku hiyo halijanitoka. Halafu nilichukua mkoba mmoja uliorudishwa, nikauandika FAUX kwa maandishi makubwa, nikautundika juu ya meza ninayofungia oda. Kila siku naliona neno na kinacholiwakilisha kinavyobabuka.

"Genuine leather" nimelifunga kwenye mkanda wa mume wangu: ni ngozi ya kweli, lakini haina maana ni ngozi ya daraja la juu, usije ukapandisha bei kwa neno hilo. "Vegan leather" nayo si ya mnyama. Mara nyingi ni PU hiyohiyo imepewa jina la kupendeza.

Kwangu neno moja kwa wiki linatosha, mradi limetoka kwenye mzigo wangu mwenyewe, na nimelitafuta kabla ya kulipa. Mzigo ukishafika bandarini, kujua maana ni kujiumiza roho tu.

Kuna wanaoniuliza, ukiandika "ngozi bandia" si wateja watakimbia? Hawakimbii. Nimeshusha bei mpaka 38,000/=, naandika wazi "PU, siyo ngozi, usiuache juani", na inatoka. Yule dada wa ng'ombe mwezi uliopita kachukua mmoja mweusi, na kaniomba nimtafutie wa kahawia.